Mchago wa Kitanda cha Zaina

Wenzangu wa karakana, siku mliyoniaga mlinipa jiko la gesi na mtungi wake, mkaniomba niwaandikie wageni wa kazi mambo mawili matatu niliyojifunza. Jiko bado sijaliwasha. Naliogopa. Nimeliweka kando ya jiko langu la mkaa, linanitazama nami nalitazama. Naanza na hilo ili atakayesoma ajue mapema anayeandika ni mtu wa namna gani. Mimi ni mwoga, nimekuwa mwoga kazini tangu siku ya kwanza, na vidole vyangu vyote ninavyo.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Kila nilipopandishwa cheo niliongezewa funguo za kupoteza, basi. Nitasema habari za mashine, za mbao, za mzee aliyenifundisha, na za zawadi nilizotengeneza nyumbani kwa mkono, hasa kile kitanda nilichompa binti yangu Zaina alipoolewa Kilosa. Wengi wenu mmesikia habari zake vipande vipande, na Kasim dereva amekuwa akizisimulia kwa kuongeza chumvi. Sasa mtazisikia kwa mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Kilosa mjini, kwenye karakana ya mbao isiyo mbali na stesheni. Nilikuwa msichana niliyetoka chuo cha ufundi, suruali ndani, khanga juu, na kwenye mfuko nilikuwa na patasi mbili mpya ambazo sikuwahi kuzinoa. Fundi mkuu alikuwa Mzee Kibwana, mtu mfupi, asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuchukua meza ya nani?"

"Nimekuja kuanza kazi."

Hakucheka wala hakushangaa. Alinipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya kupasulia mbao, akaiwasha. Sijawahi kusikia kitu kikilia vile. Nilirudi nyuma, nikarudi tena, mpaka mgongo ukagonga ukuta, na mafundi wote wakaangua kicheko. Mzee Kibwana akaizima, akasubiri msumeno usimame kabisa, kisha akawageukia.

"Mnacheka nini? Huyu kaona kitu ambacho ninyi mmeacha kukiona. Huyu atadumu."

Halafu akaninyanyulia mkono wa kushoto. Vidole viwili havikuwepo. "Siku nilipovipoteza hivi," aliniambia, "sikuwa naogopa hata kidogo. Nilikuwa naimba."

Ile desturi yetu ya kusimama mbele ya mashine kila asubuhi kabla ya kuiwasha, kila mtu akafungua viganja na kutaja idadi ya vidole vyake, wengine mnadhani nilibuni mimi hapa Mikumi. Niliitoa kwa Mzee Kibwana. Sisi tulisema "kumi," mmoja mmoja, na mwisho yeye akasema "nane," kwa sauti ile ile ya kawaida. Jioni, mashine ikizimwa, tulirudia. Mgeni wa kazi atakayeona aibu kufanya hivyo mbele ya wenzake, mrudisheni kwao akalime.

Mambo mengine ya uoga nitayataja haraka. Ubao mwembamba usiusukume kwa mkono, tumia kijiti. Mbao zilizokuwa nguzo za uzio zina misumari ndani yake, zipapase kwanza. Rundo la vipande lililokaa wiki nzima nje ligonge kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono, kwa sababu huku kwetu nyoka naye anapenda kivuli. Na nguo yenye pindo linalopepea iache mlangoni. Nimewahi kuona mashine ikila khanga. Khanga ilikuwa yangu, nashukuru kwamba wakati huo sikuwa ndani yake.

Mwaka wangu wa pili tulipelekwa Lumuma kutengeneza madawati ya shule. Huko nilipangishiwa chumba kwa Mama Neema, mama wa rika la dada yangu mkubwa, mkulima wa vitunguu, nyumba yake iko mahali ambapo unasikia mto ukipita. Alinipikia, akanifulia, akanitania kwa kuvaa suruali. Nikamtengenezea kigoda cha mninga kwa vipande vilivyobaki, nikamwachia siku ya kuondoka. Hiyo ndiyo zawadi yangu ya kwanza. Alipokikalia mara ya kwanza nilizuia pumzi mpaka alipoinuka, akaniuliza kama naumwa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba zawadi inatisha kuliko mashine. Mteja aliyenunua kiti kibovu atarudi kesho yake na kelele, nawe utakirekebisha. Uliyempa zawadi hatarudi. Atakaa juu ya kibovu chako miaka na miaka kwa sababu anakupenda. Kaka yangu nilimpa kiti, nikaja kukuta amekitilia kipande cha kandambili chini ya mguu mmoja, naye hakuwahi kunyanyua mdomo. Tangu siku hiyo, nikija kwako nikaangusha ufunguo nikainama kuuokota, ujue ninakagua chini ya meza.

Nimewapa watu vigoda, mbuzi za kukunia nazi, miiko, kabati la vyombo la wifi yangu, kitanda cha mtoto cha jirani. Vyote nilivifanyia uani kwangu, bila umeme, kwa msumeno wa mkono na randa. Vyote nilivitengeneza kwa furaha na kuvitoa kwa hofu. Lakini hakuna kilichonitia hofu kama kile cha Zaina.

Zaina ndiye mtoto wangu pekee. Baba yake alifariki akiwa bado mdogo. Alipochumbiwa na Shabani, kijana mwema mwenye duka dogo pale Magomeni ya Kilosa, nilikwenda kuonyeshwa nyumba. Alikuwa akiishi na mama yake, Bi Mwajuma, mjane, mwanamke mwenye heshima zake. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati juu, na juu ya chumba cha kulala kuna dari la mbao nene wanakohifadhi mahindi. Kila kitu kizuri. Ila mto haukuwa mbali, na ukutani niliona alama, rangi ya chini imebabuka kwa mstari ulionyooka. Seremala akiona mstari ulionyooka hawezi kuuacha.

Nikauliza mbele ya watu wote, kikombe cha chai mkononi, "Na maji yakija, mkwe, mnapandia wapi kwenda darini?"

Shabani akatazama miguu yake. Bi Mwajuma aliweka kikombe chake chini polepole.

"Hapa maji hayaji," alisema. "Na tafadhali, mkwe, tumekutana kwa jambo la heri. Usituchurie."

Asiyejua neno hilo lina uzito gani kwetu, nitamwambia. Kutaja balaa kwenye shughuli ya furaha ni kuliita. Nilikuwa nimetia uchuro kwenye uchumba wa mwanangu. Zaina alinisema njia nzima ya kurudi nyumbani, na alikuwa na haki.

Lakini mstari ule nilikuwa nimeshauona. Nilikwenda kulala nao na kuamka nao. Walikuwa wakipanda darini kwa kuweka pipa juu ya meza, Shabani anajivuta kwa mikono. Zaina angefanyaje? Bi Mwajuma na magoti yake angefanyaje? Na mtoto akizaliwa? Mto Mkondoa una tabia mbaya kuliko mito yote niijuayo, unaweza kufurika Kilosa kukiwa na jua kali, kwa sababu mvua imenyesha huko juu milimani, na wewe umeanika nguo.

Kilichotakiwa ni ngazi. Ngazi tu, ya kukaa chumbani siku zote. Lakini baada ya maneno yale ningepeleka vipi ngazi? Kwetu mama ndiye anayempeleka binti na kitanda, na zawadi hubebwa mabegani na akina mama, wakiimba, mtaa mzima uone. Sasa fikirieni ngazi imelazwa mabegani mwa watu, inapita barabarani. Inafanana na nini? Inafanana na jeneza la msikitini. Hata mimi nisiyependa ushirikina mwili ulinisisimka nilipowaza.

Basi nikaificha. Ngazi ukiilaza ubavu, ile miti yake miwili mirefu inakuwa ya juu na ya chini, na vipandio vyake vinasimama wima katikati, na hapo una mchago wa kitanda, ule ubao wa kichwani, mzuri tu, kama michago mingine. Nilitengeneza kitanda cha mninga, matendegu marefu, chaga nene, na mchagoni nikaiweka ngazi ubavu, nimeipaka vanishi na kuichonga maua kidogo nchani. Kwa kuwa skrubu zinataka bisibisi, na bisibisi haipatikani siku unayoitaka, niliushika mchago kwa kabari nne za mti mkavu. Ukizipiga kwa kiganja kutoka chini zinaruka, mchago unatoka, unausimamisha, unapanda. Niliupima uani mara nyingi, mwezi wa Agosti. Kabari zilikuwa zikiruka kama punje za bisi. Nilifurahi, mimi mwoga, nikajiona nimemaliza.

Harusini kitanda kilisifiwa. Bi Mwajuma mwenyewe alipapasa vile vipandio, akasema, "Mkwe, mkono wako mzuri." Nilimvuta Zaina jikoni nikamwambia siri na kumwonyesha jinsi ya kupiga kabari.

"Mama jamani," alisema huku anacheka na machozi yake ya harusi, "yaani hata kitanda changu kinaogopa?"

Baada ya hapo nikahamia hapa Mikumi, ambako mlinikuta, kwenye samani za mahoteli ya watalii. Mnajua maisha yetu ya hapa, viti vinarudi vikiwa na alama za meno ya nyani, na asubuhi mtu hafungui geti kabla ya kuhakikisha barabarani hakuna tembo. Mwoga alikuwa amefika kwao. Lakini hofu yangu yenyewe nilikuwa nimeiacha Magomeni. Kila masika nilikuwa na simu mbili. Moja ilitoka kwa Mama Neema wa Lumuma, ambaye huuona mto kabla haujashuka Kilosa, na hajawahi kuacha kunipigia ukijaa. Ya pili ilikuwa yangu kwa Zaina, kumsikia tu akisema, "Tupo, mama, lala." Mjukuu wangu Rama alizaliwa, akaanza kutembea, na maji hayakufika. Watu walianza kunitania kwamba nimekuwa idara ya hali ya hewa.

Sasa niwaeleze ile meza. Masika iliyopita, mwezi mmoja kabla ya kustaafu, tuliitwa hotelini kuifungua meza kubwa iliyokuwa imeachwa nje siku kadhaa kwenye mvua. Iliunganishwa kwa kabari, kazi yetu wenyewe. Nikapiga kabari ya kwanza kwa kiganja. Haikutikisika. Nikapiga kwa nyundo ya mbao. Haikutikisika. Mti ulikuwa umekunywa maji, umevimba, umejibana kwenye tundu lake. Tulilazimika kuikata kwa msumeno.

Wengine mliokuwepo mliniona nimekaa chini kwenye nyasi. Nilisema ni presha. Haikuwa presha. Kila fundi anajua mti mkavu ukilowa unavimba, ni somo la wiki ya kwanza. Mimi nililijua, na nililifundisha. Lakini ule mchago niliujaribu Agosti, uani, kwenye jua, na ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya siku ya maji. Maji yakiingia chumbani yatafika kwenye kabari kabla ya mtu kufikiria kuzipiga. Siku watakayoihitaji ngazi, ndiyo siku itakayofungwa. Naomba hili mlishike kuliko yote niliyoandika hapa: kitu kijaribiwe katika hali kitakayotumiwa, si katika hali inayokupendeza wewe fundi.

Kumwambia Zaina kwenye simu nilishindwa. Ningeanzaje, wakati Bi Mwajuma yuko pembeni anasikia, na neno lake la "usituchurie" bado liko masikioni mwangu? Nikaamua niende mwenyewe Jumamosi, na randa, nizipunguze kabari kama vile nimekuja kukarabati. Zilikuwa zimebaki siku chache. Sikuwa nikila vizuri.

Ijumaa asubuhi, nimefika tu kazini, Mama Neema akapiga.

"Mama Zaina, salamu baadaye. Mto umepita shambani kwangu, vitunguu vyote vimekwenda. Haya maji sijawahi kuyaona. Mpigie mwanao sasa hivi."

Nilipiga. Haipatikani. Nikapiga ya Shabani. Haipatikani. Nikapiga tena ya Zaina, na tena, mpaka Kasim akaichukua simu mkononi mwangu akaiweka mfukoni mwake.

"Mama, panda gari," alisema. "Ruhusa tutaomba tukirudi."

Kasim, hujawahi kunisikia nikikushukuru vya kutosha. Njia nzima mpaka tunapita Ulaya, hiyo Ulaya yetu ya Kilosa isiyohitaji pasipoti, nilikuwa nikitazama maji ya mitaroni. Nilikuwa nimepakata randa na nyundo ya mbao, nimezikumbatia, kama bado kulikuwa na kabari za kupunguza. Kichwani nilikuwa naona kitu kimoja tu, mkono wa Zaina ndani ya maji, unapiga kabari kwa kiganja, na kabari haitoki. Anapiga, haitoki. Nimeogopa mashine, nimeogopa tembo, naogopa hata jiko lenu la gesi, lakini hofu zote hizo zikiwekwa pamoja hazifiki ile ya kwenye gari. Ile ilinifanya nitamani tusifike.

Tulifika baada ya adhuhuri. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yameacha tope. Watu walikuwa wanatoa magodoro, kuku waliokufa, masufuria, kila mtu anaita jina la mtu. Gari lilikwama mwanzo wa mtaa, nikashuka nikaenda kwa miguu, tope magotini. Ukuta wa jikoni wa Bi Mwajuma ulikuwa umelala chini. Mlango wa mbele ulikuwa umeng'oka. Sebuleni, mstari mpya wa tope ukutani ulinifika kifuani.

Nikaingia chumbani. Godoro lilikuwa limejikunja kwenye kona. Kitanda kilikuwepo, matendegu yote yamesimama kwenye tope, na mchago haukuwepo. Pale ulipokaa palikuwa na matundu tu. Nikajua umeng'olewa na maji, na waliokuwa wameushika wamekwenda nao. Nilikaa palepale kwenye tope na sauti ikanitoka ambayo sitaki kuikumbuka.

"Nani huyo analia chumbani kwa watu?"

Ilitoka juu. Nikainua uso. Pale kwenye mlango mdogo wa dari kulikuwa na uso wa Bi Mwajuma, mtandio umemlegea, unga wa mahindi kwenye nyusi.

"Ni mimi, mkwe," nilisema.

"Aa. Basi sogea pembeni, tunashusha ngazi."

Kitu cha kwanza kushuka kutoka kwenye lile tundu kilikuwa mchago wangu, kwa wima, na maua yangu ya nchani. Walikuwa wameuvuta juu ili maji yasiuchukue. Akashuka Shabani, akaushika chini. Akashuka Zaina, Rama mgongoni amefungwa kwa khanga, amelala fofofo. Wa mwisho Bi Mwajuma, kipandio kwa kipandio, analalamikia magoti yake. Niliwashika mmoja mmoja, nikawahesabu, nikawahesabu tena, kama vidole mbele ya mashine.

Niliuliza baadaye. Tulikuwa tumekaa nje juu ya tofali zilizoanguka, jirani ametuletea chai.

"Kabari zilitokaje?" nilimuuliza Zaina. "Zililowa. Zilitokaje?"

Zaina akamtazama mama mkwe wake. Bi Mwajuma alimaliza kwanza kupuliza chai yake.

"Kabari gani, mkwe? Vile vijiti vinne? Vile nilipikia uji mwaka ule ule wa harusi."

Nikamgeukia Zaina, naye akatazama chai yake.

"Nilikuja kutandika kitanda," aliendelea. "Nikapitisha mkono mchagoni. Zile fito za katikati zote zimechongwa bapa upande mmoja. Nikajiuliza, mchago unachongwa bapa kwa ajili ya nini? Kichwa hakitaki bapa. Mguu ndio unaotaka bapa. Nikazitoa zile kabari, nikaziweka jikoni. Tangu hapo mchago umekaa kwa kuegeshwa tu, na mawingu yakianza ninausimamisha nyuma ya pazia, mpaka masika iishe. Mwanao nilimwapisha asikwambie."

"Lakini siku ile uliniambia maji hayaji. Uliniambia nawachuria."

"Nilisema, ndiyo." Aliweka kikombe chini, polepole, vile vile kama siku ile. "Mwanangu amekaa hapo, mwanao ameinamisha kichwa, kesho kutwa wanaingia kulala kwenye nyumba hii. Ningekujibu kwamba naogopa, wangelala vipi? Nikasema maji hayaji. Halafu wao wakalala, na mimi nikawa silali. Wewe ulidhani unaogopa peke yako?"

Nililia tena, safari hii bila kelele. Miaka yote hiyo, mimi Mikumi na simu yangu, yeye Magomeni na pazia lake, wanawake wawili tunalinda mto mmoja na kila mmoja anamficha mwenzake. Baadaye niligeuza ile ngazi nikavitazama vipandio. Vanishi ilikuwa imelika katikati kwa miguu. Alikuwa akiijaribu kila mwaka, yeye na magoti yake.

Mwezi uliofuata nikastaafu, mkanipa jiko. Nyumba ya Magomeni imejengwa upya jikoni. Nimewaomba wahame, wamesema duka lao liko pale na wateja wao wako pale, na mimi si wa kuwapangia. Naendelea kupokea simu ya Mama Neema. Hofu haijapungua, tofauti ni kwamba sasa baada ya Zaina ninampigia Bi Mwajuma, tunaogopa wote wawili kwa saa nzima, halafu tunazungumzia bei za mchele.

Wiki tatu zilizopita alinipigia yeye. Mpwa wake Hadija alikuwa anaolewa Magole, nyumba ya mume iko bondeni.

"Nataka zawadi yake uitengeneze wewe," alisema. "Ngazi."

"Nitaiweka mchagoni tena?"

"Sikusema mchago. Nimesema ngazi. Ndefu."

"Mkwe, itabebwa barabarani mchana kweupe. Unajua inavyofanana na jeneza."

"Najua. Ndiyo maana nataka ibebwe na watu wanaoimba."

Nimeitengeneza uani, kwa msumeno wa mkono, bila kabari hata moja. Nimeilowesha siku nzima kwenye maji kabla ya kuitoa, mjue nimejifunza. Tuliibeba mabegani akina mama sita, tumeifunga khanga nyekundu, tukaingia nayo Magole tukiimba. Mbele ya duka moja alikuwepo mzee amekaa. Alipoona inakuja akainuka akavua kofia, kama mtu anavyoinukia maiti. Kisha akaona khanga, akasikia nyimbo, asijue akae au asimame. Bi Mwajuma, mbele yangu, akapaza sauti zaidi.

Tulipofika hakukubali iegeshwe uani pamoja na masufuria. Aliipeleka mpaka chumbani, akaisimamisha kwenye mlango wa dari, akamwita bibi harusi.

"Panda," alimwambia. "Na nguo zako hizo hizo."

Hadija alitucheka, akakunja gauni lake, akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Wakwe zake walikuwa mlangoni, wanatazama. Mimi nilipiga magoti chini, nikaishika ile miguu ya ngazi kwa mikono yangu miwili, vidole vyote kumi, na sikuiachia mpaka aliposhuka.